Mwalimu Asiye na Somo

Mtu akisomea saikolojia Egerton, pale Njoro, akahitimu, kisha akataka kuifundisha katika shule ya upili ya umma hapa Nakuru, atakwama kabla hajaonana na mwalimu mkuu yeyote. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humsajili mwalimu wa upili kwa masomo mawili ya kufundishia, na saikolojia si mojawapo. Haikuwamo katika mfumo wa 8-4-4. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 lilipoingia sekondari ya juu Januari 2026, chini ya Mtaala wa Umilisi, haikuwamo pia: mkondo wa Sayansi za Jamii una Historia na Uraia, Jiografia, masomo ya dini, Biashara, Fasihi na lugha. Ilhali mwalimu aliye darasani leo ameisoma saikolojia ya elimu chuoni, kwa kuwa ni sehemu ya mafunzo ya ualimu. Tumemfunza jinsi akili ya kijana inavyojifunza, inavyosahau na inavyoogopa, na kijana mwenyewe hatujamwambia.

Mjadala ufuatao una sauti tano. Si za watu mahususi; nimezitunga kutokana na mabishano ambayo yeyote aliyekaa na walimu, wazazi na wanafunzi wa Bonde la Ufa ameyasikia. Mhitimu ni msichana mwenye shahada ya saikolojia anayetafuta kazi ya ualimu. Mwalimu ni mkuu wa shule mstaafu, aliyefundisha Molo na baadaye mjini Nakuru. Mshauri anafundisha Dini na Kiswahili katika shule ya bweni ya wasichana, na ndiye msimamizi wa ushauri nasaha. Mama anafanya kazi katika shamba la maua Naivasha. Mwanafunzi yuko Kidato cha Nne na anataka kuwa mwalimu. Mimi nitaingilia pale inapohitajika, wala sitajifanya refa: naamini somo hili linastahili nafasi shuleni, na naamini pia kwamba tukilianzisha jinsi wengi wanavyolifikiria tutaliua.

Mhitimu: Kila ninapopeleka barua ya kuomba kazi naulizwa swali lile lile: masomo yako mawili ni yapi? Nina shahada, nina alama nzuri, sina jibu. Wenzangu wametuma maombi katika shule za kibinafsi zinazofuata mtaala wa Uingereza, kwa sababu huko saikolojia ni somo la A-Level sawa na Kemia. Uingereza kwenyewe, miaka hii ya karibuni, limekuwa somo la pili kwa wingi wa watahiniwa wa A-Level, nyuma ya Hisabati tu. Marekani wamekuwa na mtihani wake wa kiwango cha juu kwa wanafunzi wa upili tangu 1992. Basi hapa nchini mtoto ambaye mzazi wake anaimudu karo ya shule hizo anaweza kujifunza kuhusu kumbukumbu, usingizi, hofu na nguvu za kundi. Mtoto wa mitaa ya Kaptembwo na Rhonda hana nafasi hiyo. Hilo linaniuma kuliko hata kukosa kazi.

Mwalimu: Binti yangu, uchungu wako nauelewa. Lakini nimekikalia kiti cha mwalimu mkuu, nikwambie mambo yanavyokwenda. Mwaka 2008 tuliletewa Stadi za Maisha. Kipindi kimoja kwa wiki, mtihani hakuna. Silabasi yenyewe ilikuwa nzuri: kujitambua, kukabili msongo wa mawazo, kukataa shinikizo la marika, kufanya maamuzi. Haukuisha muhula, mwalimu wa Hisabati akaja ofisini: Mwalimu, kile kipindi kinakaa bure, nipe nimalize silabasi. Wa Kiingereza akafuata. Shule nyingi zilikwenda hivyo. Somo ambalo Baraza la Mitihani halilitahini halina mtetezi siku matokeo yanapotangazwa. Na majuzi, masomo ya sekondari ya msingi yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9, Stadi za Maisha hazikubaki somo la kujitegemea. Sasa wewe unataka kuleta jingine.

Mwanafunzi: Sisi kipindi hicho tulikiona kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, Mwalimu. Darasani hatukukiona.

Mhitimu: Mwalimu, hapo umenisaidia. Stadi za Maisha zilifundishwa kama mawaidha: jiheshimu, jiamini, kataa dawa za kulevya. Kijana ana mawaidha tele, kanisani, msikitini, nyumbani, na kwenye gwaride la asubuhi. Saikolojia ni sayansi. Ina maswali, majaribio, takwimu, na matokeo ambayo watafiti wenyewe hugeuka wakayabishania. Nikipewa darasa sitaanza kwa kuwaambia wanafunzi wawe wema. Nitaanza na Salgaa.

Mama: Salgaa ya ajali?

Mhitimu: Hiyo hiyo, mama. Barabara ya kwenda Eldoret, ambako alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana pale Migaa, watu 36 wakafa. Kila ajali pale ina mashahidi kumi na hadithi kumi. Nitawauliza wanafunzi: ni nani anayesema uongo? Halafu nitawasimulia jaribio la Elizabeth Loftus na John Palmer, la 1974. Wanafunzi 150 wa chuo kikuu Marekani walionyeshwa filamu fupi ya magari yakigongana. Hamsini wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani yalipogongana. Hamsini wengine wakaulizwa yalikuwa na kasi gani yalipopondana. Waliobaki hawakuulizwa kasi. Baada ya wiki wakaitwa tena, wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Kwa wale wa swali la kwanza, 7 kati ya 50 walisema waliviona. Kwa wale wa swali la kupondana, 16 kati ya 50. Hawakudanganya. Swali lilikuwa limeingia ndani ya kumbukumbu na kuibadilisha.

Mwanafunzi: Kwa hiyo askari akimuuliza shahidi vibaya, shahidi anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikuwepo?

Mhitimu: Umelipata somo la kwanza.

Nakatiza hapo. Katika eneo hili kumbukumbu za watu huamua mengi, si mahakamani tu. Molo na Kuresoi zilipigana kikabila 1992, zikapigana tena uchaguzi wa 1997 ulipopita, na mapema 2008 Nakuru na Naivasha zikaungua. Kila boma lina simulizi ya nani alianza, nani alionekana na panga, lori la nani lilibeba vijana. Watoto wamerithi simulizi hizo bila kurithi chombo chochote cha kuzipima. Kijana anayejua kwamba mtu mkweli anaweza kukumbuka jambo ambalo halikutokea ana tahadhari ambayo mhubiri wa amani hawezi kumpa kwa hotuba. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema saikolojia ni anasa ya shule za matajiri. Nikiulizwa ni wapi Kenya somo hili linahitajika kwanza, jibu langu ni hapa.

Mwalimu: Na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Mwaka 2008 shule za hapa zilipokea watoto waliokuwa wakilala kwenye mahema pale uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Walikaa dawati moja na watoto wa jamii waliyoamini imewafukuza. Tulichofanya ni kunyamaza, tukafundisha Jiografia. Ulikuwa woga, sikatai, lakini ule ukimya ulizuia kitu. Wewe utaingia darasani Molo, mwaka mmoja na nusu tangu ukabidhiwe cheti, useme leo tunajadili kwa nini watu wa kabila moja huchukia wa jingine. Kengele ikilia utakwenda nyumbani. Mwalimu wa zamu ndiye atakayelala na hilo bweni.

Mhitimu: Siwezi kuanzia kwenye kidonda, Mwalimu. Nitaanzia Bristol. Henri Tajfel alikuwa Myahudi wa Poland aliyetekwa na Wajerumani akiwa katika jeshi la Ufaransa. Vita vilipokwisha akakuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Maisha yake yote ya utafiti alikuwa akiuliza swali hili lako. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliwachukua wavulana wa shule huko Bristol, wa miaka 14 na 15, akawaonyesha picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, akawaambia wewe uko kundi la Klee, wewe la Kandinsky. Kwa kweli walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyejua mwenzake wa kundi ni nani. Kisha akawapa kazi ya kugawia wengine alama za pesa, na mgawaji mwenyewe hapati kitu. Wakapendelea kundi lao. Tena wengine walikuwa radhi kundi lao lipate kidogo, ilmradi lile jingine lipate pungufu zaidi. Hapakuwa na shamba la kugombaniwa, hapakuwa na lugha tofauti, wala damu iliyomwagika. Ni jina la mchoraji tu.

Mwanafunzi: Sisi tunafanya hivyo kwa mabweni. Bweni letu na lile la pili hatukopeshani hata sabuni.

Mhitimu: Basi nitaishia kwenye sabuni siku hiyo. Wao wenyewe ndio watakaovuka kutoka bweni hadi Molo, wakitaka, na wakiwa tayari.

Mwalimu: Hapo umeniambia kitu.

Mama: Mimi naomba niwarudishe chini kidogo. Nyumbani kwetu ukisema saikolojia, mtu anasikia hospitali ya Mathari. Mtoto akija kuniambia anasoma somo la wagonjwa wa akili, jirani atauliza amepatwa na nini. Jambo la pili, nalipa karo kwa mkopo wa chama. Somo hili litamfikisha wapi? Na mwalimu wake atakula nini?

Mwanafunzi: Nami nilitaka kuuliza hilo. Mimi ndiye ninayetaka kazi hii. Nianzie wapi?

Mwalimu: Hilo nitalijibu mimi, maana nimesaini barua nyingi za walimu wapya. Usianze alipoanzia dada yako huyu. TSC inataka uwe umepata C+ katika KCSE kwa jumla, na C+ katika kila somo kati ya yale mawili utakayofundisha. Kisha shahada ya ualimu yenye masomo hayo mawili, au shahada nyingine yenye masomo hayo na stashahada ya uzamili ya ualimu juu yake. Mtu mwenye shahada ya saikolojia tupu, hata awe wa kwanza darasani, hapiti mlango huo. Kwa hiyo chagua masomo mawili yanayosajiliwa. Kama unaweza Biolojia, ichukue, maana ubongo, neva na homoni zimo mle tayari. Kama wewe ni wa sanaa, Kiswahili na Dini, au Historia. Saikolojia utaifuata katika shahada ya uzamili. Na jiandae: utahitimu, utasajiliwa, na huenda ukangoja miaka. Wengi wa upili walianza na mkataba wa mafunzo kazini wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na anayeajiriwa na bodi ya shule mara nyingi hupata chini ya hapo.

Mama: Elfu ishirini kwa mwenye digrii. Basi hamjaniacha mbali sana na waridi zangu.

Mhitimu: Mimi nimeomba kurudi chuoni, mama. Nilifaulu Kiswahili na Dini kidato cha nne, lakini chuo kikuu sikuvisoma. Nitarudia karibu njia nzima. Nasema hili ili huyu asije akarudia.

Ushauri wa Mwalimu ni sahihi, nami namuunga mkono bila kusita. Lakini mkasa wa kweli ninaouona hauko TSC. Hata tukiamka kesho tukute saikolojia imo katika orodha ya masomo, kuna jambo litakaloivunja kutoka ndani, na ni Mshauri, aliyekaa kimya mpaka sasa, anayelijua kuliko sisi sote.

Mshauri: Nilikuwa nasikiliza. Mnazungumza kana kwamba shule hazina mtu wa mambo haya. Mtu yupo: ni mimi. Wizara ilikuwa na kitengo cha ushauri nasaha tangu 1971. Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ilitutaja. Halafu ukaja mwaka 2001. Machi ya mwaka huo bweni la Kyanguli, Machakos, liliteketea, wakafa wavulana zaidi ya 60. Mwaka huo huo viboko vikapigwa marufuku shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuhusu nidhamu na migomo likatoa ripoti yake. Kila mtu akauliza: bila kiboko tutafanya nini? Jibu likawa ushauri nasaha. Nami tangu siku hiyo nimefanywa kiboko.

Mwalimu: Hilo neno ni zito.

Mshauri: Ni zito kwa sababu ni kweli, Mwalimu. Msichana amekamatwa na simu bwenini, anaambiwa nenda kwa ushauri nasaha. Amemjibu mwalimu vibaya, nenda kwa ushauri nasaha. Nikisimama mlangoni mwa darasa na kumwita mtu, wenzake wanaguna, maana wanajua amekosa. Jioni yake kamati ya nidhamu inakaa. Nani ni mwanachama? Mimi. Naulizwa: Madam, ulizungumza naye, alisema nini? Kama alinieleza kwamba simu ni ya mwanamume anayemlipia karo, nifanye nini? Nikisema nimeuza siri yake. Nikinyamaza, anasimamishwa masomo, anarudi kwa mwanamume yule yule. Nafundisha mzigo wangu wote wa vipindi kama mwalimu mwingine yeyote, na mafunzo ya ushauri niliyopewa ni semina za likizo. Chumba changu kinapakana na ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, ukuta wenyewe ni wa mbao.

Mwanafunzi: Sisi hatuendi, Madam. Samahani. Mwenye shida anaenda kwa mpishi, au kwa mwalimu wa michezo.

Mshauri: Najua. Wala sikulaumu. Ningekuwa wewe nisingekuja.

Mhitimu: Kwa hiyo nikiajiriwa kufundisha saikolojia...

Mshauri: Ukiajiriwa, mwanangu, kabla ya katikati ya muhula utakabidhiwa ufunguo wa ofisi yangu. Mkuu atasema: huyu ndiye mtaalamu, amesomea. Utafundisha habari za msongo wa mawazo asubuhi, wataanza kuja jioni, na wiki inayofuata utakaa kwenye kamati ya nidhamu. Darasa lako litakufa siku hiyo, kwa sababu mwanafunzi hawezi kuuliza swali la kweli kuhusu hofu mbele ya mtu anayeandika faili yake. Tena kuna sheria. Tangu 2014 tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayotaka mtu asajiliwe kabla hajajiita mwanasaikolojia au kutoa tiba hiyo. Kufundisha Biolojia hakukufanyi daktari. Mwalimu wa Biolojia halazi wagonjwa darasani kwake, na hakuna mkuu anayemtarajia apasue mtu. Wewe watakutarajia.

Hapa ndipo ninapotaka tukae. Kinachoonekana kama upungufu wa walimu ni mkanganyo wa kazi tatu: kufundisha, kushauri na kuadhibu. Tumembebesha mtu mmoja zote, tukashangaa kwamba hakuna hata moja inayofanyika sawasawa. Wanaotetea saikolojia shuleni mara nyingi huitetea kwa sababu isiyo yake. Bweni likiungua, tunasema watoto wafundishwe saikolojia. Septemba 2024 wavulana 21 walipokufa kwa moto katika Hillside Endarasha, Nyeri, maneno yalikuwa hayo hayo: washauri, washauri, washauri. Yalisemwa kwa uchungu wa kweli. Lakini somo likianzishwa kama dawa ya migomo litapimwa kwa migomo, na mgomo wa kwanza ukitokea litafutwa. Hakuna anayeifuta Kemia kwa sababu mwanafunzi amekunywa sumu.

Mwalimu: Basi lipimwe kwa nini?

Mhitimu: Kwa yale wanafunzi wanayoyajua na kuyaweza. Anaweza kusoma grafu ya utafiti? Anajua tofauti ya mambo mawili kwenda pamoja na moja kusababisha jingine? Anaweza kueleza kwa nini kukariri usiku mmoja kabla ya mtihani husahaulika haraka kuliko kurudia kidogo kidogo? Hilo limejulikana tangu Ebbinghaus alipojipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo 1885.

Mwanafunzi: Na usingizi? Sisi tunaamshwa saa kumi alfajiri kwa masomo ya asubuhi, na usiku tunatoka darasani saa nne.

Mhitimu: Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa kijana wa umri wako. Wewe unalala sita, ukiwa na bahati. Na usingizi ndio unaoimarisha ulichokisoma.

Mwanafunzi: Basi ndiyo maana hawatalikubali somo hili. Tutaanza kuuliza maswali kuhusu kengele.

Mwalimu: Mtaanza. Na baadhi yetu tulistahili kuulizwa.

Mama: Niongeze neno. Aprili 2024 maji yalishuka usiku pale Mai Mahiu, kijiji kikasombwa, wakafa watu zaidi ya 40. Kuna mtoto wa ndugu yangu aliyenusurika. Mvua ikinyesha usiku halali, darasani anasinzia. Mwalimu ameandika kwenye ripoti: mvivu, hana bidii. Mtoto mwenyewe ameamini kuwa ni mvivu. Hili somo lenu lingemponya?

Mshauri: Lisingemponya, mama. Huyo anahitaji mtu aliyefunzwa kutibu, na mlango wa kumfikisha kwake. Hiyo ni kazi ya ushauri na ya hospitali.

Mhitimu: Lisingemponya. Lingemwambia tu kwamba mwili uliokumbwa na hatari huendelea kulinda usiku hata hatari ikipita, na kwamba hilo lina jina, limeandikwa, linatokea kwa watu wengine duniani. Angeondoa neno mvivu kichwani mwake, na labda angejua kwamba kuna msaada wa kutafuta.

Mama: Hata hilo lingetosha kwa kuanzia.

Mwalimu: Lakini mtasoma vitabu vya nani? Hayo yote uliyotaja ni Bristol na Marekani. Mtoto wa Kipsigis atajiona wapi?

Mhitimu: Kokwet, Mwalimu. Miaka ya 1970 Charles Super na Sara Harkness waliishi katika jamii hiyo ya Kipsigis huku huku nyanda za juu. Watafiti wa zamani walikuwa wakidai mtoto wa Kiafrika huwahi kukua kimwili kwa asili yake. Super akaonyesha, katika makala ya 1976, kwamba watoto wa Kokwet waliwahi kuketi na kutembea kwa sababu mama zao waliwafundisha hivyo kwa makusudi. Katika kutambaa, ambako hawakufundishwa vile, hawakuwapita wa Marekani. Hilo ni jibu kwa nadharia za rangi, na lilitoka kwa mama wa Bonde la Ufa. Hata Mary Ainsworth, ambaye kazi yake kuhusu mshikamano wa mama na mtoto inafundishwa dunia nzima, alianza kuangalia watoto Uganda mwaka 1954. Tumekuwa tukisomwa kwa miaka 70. Ni haki watoto wetu wasome kilichoandikwa juu yao, wakibishie pale kinapokosea.

Mwalimu: Na ushahidi kwamba kijana ananufaika? Hapa Kenya, si Bristol.

Mhitimu: Upo wa jambo la karibu. Taasisi ya Shamiri, ambayo Mkenya Tom Osborn ni mmoja wa waanzilishi wake, ilichapisha utafiti wake katika JAMA Psychiatry mwaka 2021. Wanafunzi 413 wa upili wenye dalili za huzuni nzito au wasiwasi walikutana katika vikundi, mara moja kwa wiki kwa wiki nne. Vikundi vingine vilijifunza kwamba uwezo hukua, kushukuru, na kutambua yale wanayoyathamini. Vingine vilifundishwa mbinu za kusoma. Waliowaongoza walikuwa vijana waliomaliza shule, wakapewa mafunzo mafupi. Dalili zilishuka kwa wote, zikashuka zaidi kwa wale wa kundi la kwanza.

Mshauri: Ngoja. Hata waliofundishwa mbinu za kusoma walipata nafuu?

Mhitimu: Hata wao.

Mshauri: Basi angalieni ni nani aliyewafundisha. Kijana aliyekuja kwa saa moja, hana faili, hana kamati, na hawezi kumsimamisha mtu masomo.

Sidai kwamba utafiti ule ulipima jambo hilo, ulipima mengine. Lakini mwalimu aliyeishi ndani ya ofisi yenye ukuta wa mbao amesoma katika matokeo yale kitu ambacho wengi wetu tungekipita, na nadhani ameona sawa. Ndiyo maana nasema mwalimu wa saikolojia akija aje kama mwalimu wa somo, na kamati ya nidhamu isimguse. Mshauri naye aondolewe pale, leo, hata kabla ya somo kuja. Kumwondoa hakuhitaji bajeti wala idhini ya Nairobi. Mwalimu mkuu yeyote anaweza kufanya hivyo kabla ya gwaride la Jumatatu.

Mwalimu: Unanisema mimi, ingawa nimestaafu. Nakubali hilo la kamati. Mtaala ni shughuli nyingine. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala haiongezi somo kwa sababu watu watano wamekubaliana Nakuru. Litataka silabasi, vitabu, walimu waliosajiliwa, mtihani.

Mhitimu: Kwa hiyo tusingoje hapo. Vyama vya wanafunzi tayari vina saa yake. Kipo chama cha wanahabari, cha mdahalo, cha wanamazingira. Anzisha cha saikolojia katika shule tatu, moja ya mjini, moja Njoro, moja Molo. Mwalimu wa Biolojia na wa Historia wakisimamie. Na sekondari ya juu sasa ina Mafunzo ya Huduma kwa Jamii, ambayo humtaka mwanafunzi atoke akachunguze tatizo la mtaa wake. Achunguze usingizi wa wenzake. Achunguze uvumi unavyosafiri kutoka stendi ya matatu hadi sokoni. Huo utafiti hauhitaji maabara.

Mshauri: Mkiwahoji watoto kuhusu usingizi mtakuta na yanayowanyima usingizi. Nani atayapokea?

Mhitimu: Wewe, ukikubali. Lakini si katika chumba kile.

Mshauri: Kuna ghala la vitabu nyuma ya maktaba. Lina dirisha, na mlango wake hauonekani kutoka ofisi ya naibu.

Mwalimu: Nikiandika barua kwa mkuu wa shule yako, naye alikuwa mwalimu chini yangu, nitaomba mambo mawili: ghala hilo, na jina lako litoke kwenye kamati. Chama cha saikolojia nitakitaja aya ya mwisho, akiwa amekwisha kukubali.

Mwanafunzi: Na mimi nijaze nini kwenye fomu ya chuo, siku yake ikifika? 

Mhitimu: Shahada ya ualimu. Biolojia na somo jingine linalosajiliwa pamoja nayo, kama alama zitaruhusu. Mengine tutayaendea tukiwa ndani.